Kutambua sarafu ndogo za shaba za Roma, karne ya 4: anza nyuma, sura iache mwisho

Wanaoshindwa kutambua sarafu hizi hushindwa kwa namna moja. Wanaikodolea macho sura ya mtawala, wanapekua picha mtandaoni mpaka waone pua inayofanana, wanaandika "Constantine" kwenye karatasi, basi. Mara nyingi jibu si hilo. Wachonga mihuri wa karne ya 4 hawakuwa wakichora uso wa mtu, walikuwa wakichora uso wa cheo. Constans na Constantius II, wana wawili wa Constantine, sarafu zao zikitoka kiwanda kimoja cha sarafu, huwezi kuwatenganisha kwa macho na pua, hata uwe na lenzi nzuri kiasi gani.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia upande wa nyuma, unashuka kwenye herufi za kiwanda, unapanda kwenye jina, na sura inakuja mwisho kuthibitisha tu. Unahusu sarafu za shaba za takriban 313 hadi 378, zenye upana usiozidi milimita 25. Ndizo zinazouzwa kwa bei ndogo na kwa mafungu, na ndizo zinazowasumbua wanaoanza.

Kama kichwa kwenye sarafu yako kimevaa taji la miali kama ya jua, karibu kila mara hiyo ni ya karne ya 3. Iweke pembeni, njia hii haitakufaa.

## Vifaa

- Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara.
- Mizani ya kidijitali inayosoma mpaka gramu 0.01.
- Kalipa ya plastiki. Ya chuma inakwaruza.
- Taa ndogo unayoweza kuisogeza. Tochi ya simu inatosha.
- Maji yaliyokenekwa (distilled), lita moja hivi, na bakuli la kioo au plastiki.
- Mswaki laini na vijiti vya meno vya mbao.
- Taulo la kutandika mezani. Sarafu ya miaka 1,700 ikianguka sakafuni inaweza kuvunjika vipande viwili, maana shaba ya zamani huliwa kwa ndani na kuwa kama biskuti.
- Kalamu ya risasi, kadi ndogo, na intaneti.

Tahadhari kuhusu hayo maji: madukani kwetu "maji ya betri" yanaweza kuwa maji yaliyokenekwa, au yakawa asidi yenyewe. Soma lebo. Ukiona neno asidi, rudisha.

## Hatua ya 1: Safisha mpaka isomeke, kisha acha

Loweka sarafu kwenye maji yaliyokenekwa. Badilisha maji kila siku au kila baada ya siku mbili, kwa wiki moja au mbili. Kila ukibadilisha, sugua taratibu kwa mswaki, na udongo uliokwama kati ya herufi uuchokoe kwa kijiti. Maji ya bomba hayafai kulowekea muda mrefu kwa sababu yana klorini na chumvi, na chumvi ya kloridi ndiyo adui mkubwa wa shaba ya kale.

Ndimu, siki na ukwaju usiviguse. Najua sinia la shaba la nyumbani linang'aa vizuri kwa ndimu na majivu, lakini sinia lina chuma kizima chini yake. Kwenye sarafu hizi, utandu wa kijani au wa kahawia mara nyingi ndio umebeba herufi. Shaba iliyo chini yake imeshaharibika. Asidi ikiondoa utandu, inaondoka na maandishi, na hakuna namna ya kuyarudisha. Brashi ya waya hufanya vivyo hivyo, tena haraka zaidi.

Umefanikiwa ukiweza kuona mchoro wa nyuma na angalau herufi tano au sita za upande wa kichwa. Sarafu haihitaji kung'aa. Ikiwa inang'aa kama shilingi mpya, umeshaiharibu.

Kausha kwa kitambaa cha pamba, kisha iache mahali pakavu siku nzima kabla ya kuipima.

## Hatua ya 2: Pima upana na uzito

Pima upana sehemu pana zaidi, kisha pima uzito. Andika vyote kabla ya kuendelea.

Majina ya asili ya sarafu nyingi za shaba za kipindi hiki hayajulikani kwa uhakika, kwa hiyo wakusanyaji hutumia madaraja ya upana: AE1 ni zaidi ya milimita 25, AE2 ni 21 hadi 25, AE3 ni 17 hadi 21, na AE4 ni chini ya 17.

Vipimo hivi vitakuokoa baadaye, kwa sababu mchoro mmoja ulifuliwa, yaani uligongwa kwa muhuri, kwa ukubwa tofauti katika miaka tofauti.

## Hatua ya 3: Soma mchoro wa nyuma

Hapa ndipo unapopata miaka. Weka taa chini kabisa, mwanga upite juu ya sarafu kwa pembeni kama jua la saa kumi na mbili jioni, halafu izungushe sarafu taratibu huku taa ikibaki pale pale. Mchoro usioonekana kwa mwanga wa juu utajitokeza kwa vivuli vyake.

Michoro utakayokutana nayo zaidi ni hii:

- Lango la kambi, matofali yakionekana, minara midogo juu na mara nyingi nyota: PROVIDENTIAE AVGG au PROVIDENTIAE CAESS, 324 hadi 330.
- Askari wawili, katikati yao nguzo mbili za bendera: GLORIA EXERCITVS, 330 hadi 335.
- Askari wawili, nguzo moja tu: maandishi ni yale yale, 335 hadi karibu 341, na sarafu ni ndogo zaidi.
- Mbwa mwitu jike akinyonyesha mapacha: kichwa cha mbele kimevaa helmeti na kimeandikwa VRBS ROMA. Ilianza 330.
- Victoria, mungu jike mwenye mabawa, amesimama juu ya omo ya merikebu: mbele imeandikwa CONSTANTINOPOLIS. Nayo ilianza 330.
- Victoria wawili wakitazamana, kila mmoja na shada: VICTORIAE DD AVGGQ NN, 347 hadi 348.
- Askari akimchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka: FEL TEMP REPARATIO, kuanzia 348 mpaka mwishoni mwa miaka ya 350. Za mwanzo ni kubwa, daraja la AE2. Za baadaye zimeshuka hadi AE3.
- Mtu mwenye helmeti amesimama, tufe mkono mmoja, mkuki mwingine: SPES REIPVBLICE, 355 hadi 361.
- Mtawala akimburuta mateka: GLORIA ROMANORVM, kuanzia 364.
- Victoria mmoja anatembea kuelekea kushoto na shada: SECVRITAS REIPVBLICAE, 364 hadi 378.

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu nguzo vibaya. Mikuki ya wale askari nayo ni mistari iliyosimama, na macho yakichoka unaweza kuona nguzo nne. Tafuta kitambaa cha mraba kilichoning'inia juu: chenye kitambaa ni bendera, kisichonacho ni mkuki.

Kumbuka pia kwamba Warumi waliandika V mahali pa U. EXERCITVS ni "exercitus".

## Hatua ya 4: Herufi za kiwanda

Chini ya mstari wanaoukanyaga wale askari kuna nafasi finyu yenye herufi chache. Tuiite sakafu. Hapo ndipo kiwanda kilipotia alama yake, na bila hiyo hupati namba ya katalogi. Tenga muda mwingi hapa kuliko hatua nyingine yoyote.

Alama ina sehemu mbili, wakati mwingine tatu. SM ni kifupi cha *Sacra Moneta*, "fedha takatifu", na si viwanda vyote vilivyoitumia. Kisha linakuja jina la mji kwa kifupi. Halafu herufi ya karakana, maana kila kiwanda kilikuwa na karakana kadhaa ndani yake. Magharibi karakana zilihesabiwa kwa Kilatini: P ya kwanza, S ya pili, T ya tatu, Q ya nne. Mashariki walitumia herufi za Kigiriki: A, B, Γ, Δ, E na kuendelea.

Hizi ndizo alama za msingi:

- PTR, STR, TRP, TRS: Trier
- PLG, SLG: Lyon
- PARL, SARL, na baadaye PCONST, SCONST: Arles
- PLN, PLON: London, kilichofungwa 325
- RP, RS, RT, RQ: Roma
- AQP, AQS: Aquileia
- ASIS, BSIS, ΓSIS: Siscia, leo Sisak nchini Kroatia
- SMTSA, SMTSB: Thessalonica
- SMHA, SMHB: Heraclea
- CONSA, CONSB: Constantinople
- SMNA, SMNB: Nicomedia
- SMKA, SMKB: Cyzicus
- SMANA, SMANB: Antioch, yaani Antiokia ya kwenye Biblia
- SMALA, SMALB: Alexandria

Kuna mitego minne, na kila mmoja umeshanasa watu wengi.

CONST na CONS. Mwaka 328 Arles ulibadilishwa jina kwa heshima ya familia ya mtawala, ukaanza kutia CONST kwenye sarafu. Angalia herufi ya karakana iko wapi: ikitangulia, kama PCONST, hiyo ni Arles, ikifuata, kama CONSA, hiyo ni Constantinople. Wauzaji wenyewe hukosea hapa, na si kidogo.

N na H. Mstari wa kukatiza wa N ukisuguika, SMN ya Nicomedia inageuka SMH ya Heraclea mbele ya macho yako. Leta mwanga kutoka kulia, kisha kutoka kushoto. Mstari wa mshazari utashika kivuli upande mmoja zaidi ya mwingine; mstari wa kulala wa H hautafanya hivyo.

S. Magharibi ni karakana ya pili. Mashariki, alama inayofanana na S ni namba sita ya Kigiriki. Jua mji kwanza ndipo uhesabu karakana.

Nukta. Nukta moja kabla au baada ya herufi hubadilisha toleo, na toleo hubadilisha namba. Lakini kutu nayo hufanya vinundu. Nukta iliyofuliwa ni duara, ina kimo sawa na herufi, na imekaa kwenye mstari wake. Kinundu cha kutu hukaa popote kinapopenda.

Angalia pia nafasi iliyo wazi pembeni mwa wale askari au juu ya lango. Nyota, mwezi mchanga, herufi pekee au shada vikiwapo hapo, viandike.

Mara nyingi herufi ya kwanza au ya mwisho imekatwa kwa sababu muhuri haukukaa katikati. Andika unachokiona, na palipopotea weka nukta tatu. Usijaze kwa kubahatisha.

## Hatua ya 5: Jina

Maandishi ya upande wa kichwa huanzia chini kushoto, karibu na bega, yakazunguka kichwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Soma mwisho wa jina, si mwanzo, kwa sababu Constantine na wanawe watatu waliomrithi wote wanaanza na CONSTAN:

- CONSTANS, herufi 8
- CONSTANTIVS, herufi 11
- CONSTANTINVS, herufi 12

Ukiona CONSTANTI peke yake bado hujajua kitu. Unachotafuta ni herufi iliyo kabla ya VS: ikiwa N, ni Constantine, ikiwa I, ni Constantius.

Kisha tafuta cheo. Katika Kiswahili tumezoea kumwita kila mtawala wa Roma kaisari, na mazoea hayo yanapotosha hapa. Kwenye sarafu hizi AVG, Augusto, ni mwenye enzi kamili. NOB C au NOB CAES, Kaisari, ni mdogo wake au mrithi. Cheo ndicho kinachomtenganisha baba na mwana wenye jina moja:

- CONSTANTINVS MAX AVG ni Constantine I, baba.
- CONSTANTINVS IVN NOB C ni Constantine II, mwana, kabla ya 337. IVN ni "mdogo".
- FL IVL CONSTANTIVS NOB C ni Constantius II akiwa bado Kaisari.
- DN CONSTANTIVS PF AVG ni huyo huyo akiwa Augusto. DN ni "bwana wetu", PF ni "mcha miungu, mwenye heri".
- DV CONSTANTINVS PT AVGG, kichwa kikiwa kimefunikwa ushungi, ni Constantine I baada ya kufa.

Baada ya 364 mtego huo unarudi kwa VALENS, herufi 6, na VALENTINIANVS, herufi 13. Hesabu nafasi hata kama herufi zimefutika.

VRBS ROMA na CONSTANTINOPOLIS hazina jina la mtawala kabisa. Ukizipata, ruka hatua hii na inayofuata.

## Hatua ya 6: Sasa tazama kichwa

Kimevaa nini? Taji la majani, lililofungwa kwa utepe kisogoni, kwa kawaida ni la Kaisari baada ya 325. Kilemba cha lulu au vito ni cha Augusto. Kichwa kitupu katika miaka ya 350 kinaelekeza kwa Constantius Gallus au Julian, wote wakiwa Makaisari, au kwa waasi wa magharibi, Magnentius na Decentius.

Kuna vighairi, hasa mashariki. Kichwa na maandishi vikipingana, fuata maandishi.

## Hatua ya 7: Juzuu na namba

Katalogi inayotumiwa na makumbusho na wauzaji ni RIC, yaani *The Roman Imperial Coinage*. Juzuu zinazohusika ni VI (294 hadi 313), VII (313 hadi 337), VIII (337 hadi 364) na IX (364 hadi 395). Huna haja ya kuzinunua. OCRE, hazina ya mtandaoni ya American Numismatic Society ya New York, inatoa orodha hiyo bure, pamoja na picha za sarafu nyingi.

Chagua kiwanda kwanza, kisha mtawala, kisha andika neno moja la maandishi ya nyuma. Ukianza na mtawala utapata mamia ya matokeo na utakata tamaa. Tumia tahajia ya katalogi; ukiandika Antiokia hutapata kitu.

GLORIA EXERCITVS ya nguzo moja inagawanyika kati ya juzuu mbili. Constantine I alikufa Mei 337, na wanawe wakatangazwa Augusto Septemba mwaka huo. Mwana akiitwa NOB C, nenda juzuu VII. Akiitwa AVG, nenda VIII.

Andika namba pamoja na kiwanda, kwa mfano "RIC VII, Nicomedia", halafu namba. Katika juzuu hizi kila kiwanda kinaanza kuhesabu upya kutoka 1, kwa hiyo "RIC VII 90" peke yake haimwambii mtu chochote.

Alama za uadimu, kama R3 au R5, zisikupandishe bei. Zilihesabu vielelezo vilivyojulikana wakati juzuu zinaandikwa. VII ilitoka 1966, na tangu hapo vifaa vya kutafutia chuma ardhini vimetoa sarafu zisizohesabika.

## Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Sarafu iko mezani: milimita 17.6, gramu 2.31. Nyuma kuna watu wawili na mistari minne iliyosimama. Miwili ya katikati ina kitambaa juu, kwa hiyo ni nguzo mbili za bendera. Tuko 330 hadi 335, na ukubwa unakubali.

Sakafuni: SM, kisha herufi yenye miguu miwili, kisha Γ. Mwanga ukitoka kushoto inaonekana H. Ukitoka kulia, mshazari mwembamba unajitokeza kutoka juu kushoto kwenda chini kulia. Ni N. Kiwanda ni Nicomedia, karakana ya tatu.

Mbele: …TINVS IVN N…, mwisho umeliwa. Herufi kabla ya VS ni N, na IVN inamtaja mwana. Kichwa kina taji la majani, jambo linalolingana na Kaisari. Ni Constantine II, juzuu VII. Kwenye OCRE, kiwanda, mtawala na neno EXERCITVS vinabakiza safu chache tu, na kilichosalia ni kulinganisha mavazi ya kifua na nukta.

Aliyeanza na sura angeandika "Constantine Mkuu, Heraclea".

## Ukikwama

Kama maandishi ni vurugu ya mistari isiyounda neno na askari anafanana na mchoro wa mtoto, huenda ni ya kuiga iliyofuliwa zamani hizo hizo. Za mpanda farasi aliyeanguka ziliigwa sana Gaul na Uingereza katika miaka ya 350, nyingi zikiwa ndogo kupita kiasi. Ni za kale kweli, ila hutazipata kwenye RIC. Andika "ya kuiga" uendelee na nyingine.

Kama herufi zimeviringika kama sabuni iliyotumika, uso una vitundu vya mapovu, na ukingoni kuna mstari wa kiungo, hiyo imemiminwa kwenye kalibu siku za karibuni. Ni bandia.

Na kama haikununuliwa bali imeokotwa ardhini Tanzania au Kenya, isafishe kwa macho tu. Sheria za mambo ya kale za nchi zote mbili zinalinda vitu vya aina hiyo; andika mahali ilipopatikana na uipeleke makumbusho.

## Kuihifadhi

Kila sarafu na kadi yake: upana, uzito, maandishi kama yalivyoonekana, kiwanda, namba, uliponunua na lini. Bahasha za karatasi isiyo na asidi zinafaa. Plastiki laini ya PVC haifai, kwa sababu baada ya muda hutoa ute wa kijani unaokula shaba.

Kwa walioko Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar, unyevu ndio shida kubwa. Kloridi iliyobaki ndani ya shaba ikikutana na unyevu hutoa unga laini wa kijani mpauko. Uchokoe kwa kijiti, kausha vizuri, tenga sarafu hiyo na ikague baada ya siku tatu. Unga ukirudi, ugonjwa bado uko hai. Rudia kuloweka na kukausha. Zilizo salama ziweke kwenye kopo linalofunga barabara, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila msimu wa mvua.